Bingwa wa Kutojiona

Mji mzima wa Basel haukuwa na mtu asiyejiona kama Balz Oberholzer! Na kama ulikuwa hujui, angekuambia mwenyewe kabla hujamaliza kufunga mwavuli.

"Mimi," angeanza, "mimi sina tena mimi! Nafsi yangu nimeiua, nimeizika, na matanga nimeshaanua!"

Haya aliyahubiri kila Jumatatu mbele ya wanafunzi kumi na wanane waliokalia mito katika ukumbi wake karibu na mto Rhine. Nyuma yake ilining'inia picha ya huyo asiye na nafsi, kubwa kuliko mlango.

Mkewe Regula, fundi wa meno ya bandia, alikuwa ameishi na marehemu huyo miaka kumi na tisa. Kila alipomwomba ashushe takataka, Balz alikuwa darini, amefumba macho, anatafakari. Regula alizishusha mwenyewe, ngazi kwa ngazi, na magoti yake mabovu.

Siku moja hospitali ya pale mjini ikatangaza kutafuta watu wazima wenye afya kwa ajili ya utafiti. Wanasayansi walitaka kujua LSD, dawa inayomfanya mtu aone maruweruwe, inafanya nini kwenye ubongo, na huu "umimi" wa binadamu umejificha kona gani ya kichwa. Balz akasoma tangazo, akacheka kicheko cha profesa aliyealikwa chekechea.

"Hawa watoto bado wanatafuta mlango," akamwambia mkewe wakila viazi vya kukaanga. "Mimi nimeshahamia ndani na fanicha zangu!"

"Na huko ndani takataka hushushwa na nani?" akauliza Regula.

Balz akajiandikisha siku hiyohiyo.

Dokta Nadja Brügger, mwanamke mfupi asiye na papara, alimweleza masharti. Kila mtu angekuja mara mbili. Mara moja angemeza LSD, mara nyingine kidonge kitupu cha wanga. Ipi ni ipi hakuna aliyejua, si daktari wala mmezaji. Jibu lilifungwa kwenye bahasha mpaka utafiti uishe.

"Mimi nitajua," Balz akasema. "Hata nikiwa usingizini."

Jumanne akameza kidonge cha kwanza. Akalazwa kwenye kochi, akafungwa kitambaa machoni, akawekewa muziki laini. Dakika ishirini hazijaisha, huyo!

"Inaanza! Naona nyota zinazaliwa! Andika nyota, Daktari!"

"Ninaandika, bwana Balz."

"Kwa herufi kubwa?"

Akawa mlima. Akawa mto. Ilipofika adhuhuri alikuwa Ulaya nzima, pamoja na visiwa vyake! Mtu kafiwa na nafsi, akabaki bara! Jioni akaletewa fomu: "Nilihisi nafsi yangu imeyeyuka, sifuri hadi mia." Akaandika mia, akatazama huku na huku.

"Mia na kumi hakuna?"

Kwenye korido akamkuta Trudi Wenger, bibi wa miaka sitini na minane, dereva wa tramu mstaafu, aliyekuja kujaza fomu za zamu yake ya wiki iliyopita.

"Umepata ngapi, mama?" Balz akauliza, kama mwanafunzi anayechungulia matokeo ya mwenzake.

"Hata sijui, mwanangu. Siku ile waliniuliza jina, nikawa silikumbuki. Na wala sikulihitaji."

Balz alichomwa moyo. Kuzidiwa kutojiona, tena na mtu wa tramu!

"Mimi nilipoteza jina, ukoo, na sanduku la posta!"

"Pole, baba," Trudi akasema. "Utavipata tu."

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, Balz akarudi akipiga miayo. LSD ameshaimaliza, leo si zamu ya wanga? Akaja na gazeti asome, kitambaa cha machoni akakikataa.

Saa nzima ikapita kimya. Kisha herufi za gazeti zikaanza kusogea kama siafu. Balz akaliweka chini taratibu. Hakutamka nyota wala bara. Akaanza kulia kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Daktari, mimi muongo. Kule darini sitafakari. Nasinzia. Siku nyingine natazama mpira wa magongo kwenye simu, sauti nimezima." Akapenga kamasi. "Namsikia Regula kwenye ngazi, anahema. Miaka yote hii sijamuuliza magoti yanauma vipi."

"Niandike?"

"Andika. Ila herufi ndogo."

Jioni Regula akaja kumchukua, maana masharti hayakuruhusu mtu kurudi peke yake. Balz akamshika mkono, akamuuliza habari za magoti. Akasikiliza! Njia nzima mpaka nyumbani neno "mimi" halikumtoka hata kwa bahati mbaya. Walipofika akabeba takataka, akazishusha. Regula alisimama dirishani akimtazama, kama anayeona mgeni aliyevaa koti la mumewe.

Asubuhi mwenye koti akarudi.

"Jana? Wanga mtupu! Machozi yale ni mafua."

Kisu cha Regula kikasimama juu ya siagi. "Na yale ya magoti?"

"Magoti gani?"

Utafiti ulipokwisha, hospitali ikawaalika washiriki na jamaa zao kunywa kahawa na kusikia matokeo. Balz akaja na wanafunzi wake wote kumi na wanane. Dokta Brügger hajamaliza kushukuru, Balz kasimama.

"Fungua bahasha yangu! Hapahapa!"

"Hiyo ni siri yako, bwana Balz."

"Mimi sina mimi, siri itakuwa ya nani? Soma!"

Daktari akamtaka atie sahihi kwanza. Akatia, yenye mikia mitatu. Bahasha ikachanwa.

"Jumanne: wanga. Alhamisi: LSD."

Mtu mmoja kahawa ikamtokea puani.

"Mmekosea! Na zile nyota?"

"Nyota ulikuja nazo mwenyewe. LSD hutanua mboni za macho; zako siku ile zilikuwa kama mbegu za mchicha."

Mwanafunzi mmoja akauliza kwa upole, "Mwalimu, basi Alhamisi uliona nini?"

Balz akafungua mdomo. Akamtazama Regula, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, naye akimtazama bila kupepesa. Jibu lilikuwepo, tena fupi. Akalimeza.

"Mnaona uwezo huo?" akapaza sauti. "Wengine wanahitaji dawa, mimi wanga unatosha!"

Mmoja baada ya mwingine, wanafunzi wakahamia meza ya pembeni, alipokuwa Trudi akinywa kahawa yake.

"Mama, wewe uliona nini?"

"Nilimwona dada yangu. Tulinuniana miaka sita kwa sababu ya kabati. Kesho yake nikampelekea keki."

Wakavuta viti.

Regula akasimama, akachukua koti lake. Balz akamfuata mbiombio mpaka mlangoni.

"Twende nyumbani, mke wangu."

Regula akafunga vifungo, kimoja kimoja.

"Yule bwana wa Alhamisi nilimpenda sana," akasema. "Ukionana naye, mwambie mlango uko wazi. Na wewe je, una pa kulala?"