Mwenye Kiti

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini kutoka juu, natangaza rasmi kwamba vijana wetu sasa wana hamu ya uchaguzi. Hamu hiyo ilizinduliwa na Kamati yangu kwa kukata utepe. Kijana yeyote ambaye bado hajapata hamu yake anaombwa avumilie, kwani ugawaji unaendelea.

Zamani hali haikuwa hivi. Wataalamu walipita mashuleni wakawauliza vijana wanaonaje kuhusu kupiga kura, na vijana wengi wakauliza kama swali hilo lina maksi. Juu wakashtuka. Mkubwa, ambaye ndiye aliyeniteua na kwa hiyo ni mtu mwenye busara, aliniita ofisini kwake akafunga mlango.

"Nataka wapende uchaguzi," aliniambia. "Lakini wasipende sana."

Nikamwelewa palepale. Wako watu wanaohitaji kuelezwa mambo mara mbili. Mimi simo, ndiyo maana nimedumu kazini.

Basi ikaundwa Kamati ya Kuamsha Hamu ya Vijana Katika Masuala ya Uchaguzi, chini ya uenyekiti wangu. Mjumbe mdogo kuliko wote kwa umri alikuwa na wajukuu, na tulimtegemea sana kwa habari za rika hilo. Tulihitaji pia mahali pa kukutania. Kwa bahati nzuri mtaani kwetu palikuwa na Ukumbi wa Vijana, ambao wakati huo ulikuwa umejaa vijana na kwa hiyo haukutumika ipasavyo. Tukauchukua. Meza yao ya mpira wa meza tukaitoa uani, ikanyeshewa, ikapinda mgongo. Vitabu vyao tukavifungia stoo, ambako vitakuwa salama dhidi ya wasomaji. Huwezi kuwafikiria vijana huku vijana wenyewe wanakupigia kelele.

Mali ya kwanza ya Kamati ilikuwa kiti changu. Ni kiti cha ngozi nyeusi, kina magurudumu, na ukikikalia kinashuka taratibu huku kikitoa pumzi, kama mtu aliyechoka na kazi za umma. Funguo za ukumbi nilizifunga kwa kamba kwenye mkono wa kiti hicho, kwa sababu Katibu wangu ni hodari wa kupoteza funguo. Hivyo aliyetaka kufungua mlango ilimbidi aje kwangu, na mimi nikawa napatikana kwa wakati wangu.

Ulipofika wakati wa kuamsha hamu kwa vitendo, tulikubaliana kufanya uchaguzi wa mazoezi. Wapiga kura wawe ni wale tu ambao bado hawana umri wa kupiga kura. Katibu alikuwa na wasiwasi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, watagombea nini?"

"Watagombea kiti."

"Kiti gani?"

"Katibu, umewahi kusikia watu wazima wakigombea kiti wakaulizwa ni kiti gani? Kiti ni kiti."

Alikuna kichwa. "Sawa, mzee. Ila Mkubwa amesema kiwe kiti halisi, siyo cha kuigiza. Anakuja na waandishi wa habari."

Tukafungua stoo. Viti vilikuwemo, lakini hiki hakina mguu, kile hakina mgongo, na kingine kilikuwa na kila kitu isipokuwa pa kukalia. Kiti pekee cha kuonyeshwa mbele ya kamera kilikuwa changu.

"Tutakitoa, watapiga picha, tutakirudisha," nilisema. "Uchaguzi ndivyo ulivyo."

Tukakipamba utepe, tukakisukuma hadi uwanja wa shule. Pale niliwapa vijana somo la uraia ambalo bado nalionea fahari. Niliwaambia kwamba lugha yetu haina siri: mwenyekiti ni nani? Ni mwenye kiti. Basi atakayeshinda, kiti hiki kitakuwa chake, pamoja na vyote vinavyoambatana nacho. Maneno hayo ya mwisho niliyaongeza kwa sababu hotuba ilikuwa fupi, na maneno kama hayo huipa hotuba uzito. Funguo zilining'inia kwenye mkono wa kiti wakati nikisema. Sikuziangalia, lakini kuna mtu aliziangalia.

Mtu huyo alikuwa binti yangu. Ana miaka kumi na sita, na bibi yake alimbandika jina la Kwanini tangu alipoanza kusema. Jioni ile, tukiwa mezani, alikunja mikono.

"Baba, mimi nagombea."

"Vizuri sana, mama. Kugombea ni haki."

"Na nikishinda?"

"Kushinda siyo lazima."

Mama yake alicheka puani akaendelea kupakua.

"Baba, wewe uliwahi kumpigia nani kura?"

Nilimweleza kwa upole kwamba mtu wa nafasi yangu anaubeba uchaguzi mzima mabegani, haiwezekani tena aende akaupangie foleni.

"Kwa hiyo hujawahi."

"Foleni huwa ndefu," nilisema.

"Na jua," mke wangu akaongeza bila kunitazama. "Mwaka ule lilikuwa jua. Ule mwingine ikawa mvua."

Kwanini hakucheka. "Baba, rafiki yangu wa nyumba ya kona anasomea bafuni. Anakaa juu ya ndoo. Kwao ndicho chumba pekee chenye mlango. Mtihani unakuja, na ukumbi mmeufunga."

Nilimjibu kwamba hilo ni suala la kisera. Lilinichoma, nisiseme uongo, maana yule mtoto namjua tangu anatambaa. Lakini uchungu hauna fungu kwenye bajeti, nami nikaomba chumvi.

Kamati ilikuwa imeandaa mgombea wake, kama inavyofaa katika uchaguzi ulio huru. Alikuwa kijana wa Katibu, tuliyemwita Pasi kwa jinsi shati lake lilivyonyooka saa zote. Tulimtungia kaulimbiu nzuri: Tuendelee Kuendelea. Ya binti yangu ilikuwa Fungua Mlango, ambayo wajumbe waliiona haina upeo. Tulitegemea azunguke na ngoma na peremende. Badala yake alikwenda nyumba kwa nyumba akiwasikiliza vijana wenzake, jambo ambalo kanuni za kampeni hazikulikataza kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya.

Katibu alinijia anahema. "Mzee, hamu imepanda."

"Imepanda kiasi gani?"

"Wanauliza matokeo yatatangazwa lini."

"Hiyo siyo hamu tena," nilisema. "Hiyo ni homa."

Tukachukua hatua. Tuliamua kwamba baada ya kupiga kura, masanduku yangeingizwa ndani kwa utulivu, halafu ningetoka na kutangaza kwamba washindi ni wote. Kila mmoja angepewa cheti, na kiti kingerudi nyumbani. Ulikuwa mpango safi kabisa, na ungefanikiwa kama Mkubwa asingekuja na watu wa redio na televisheni.

Siku yenyewe kiti kilikuwa tena uwanjani na funguo zake, na vijana walipanga foleni iliyozunguka uwanja, hawasukumani, hawatukanani, hadi askari aliyeletwa kuzuia fujo akaenda kukaa kivulini. Kura ya mwisho ilipoingia, Kwanini alimwendea Mkubwa mbele ya kamera, akapiga goti kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba zihesabiwe hapahapa."

"Marahaba, mwanangu. Kwa nini isiwe hapahapa?" Mkubwa alijibu kwa sauti ya televisheni. "Sisi hatuna cha kuficha."

Nilikohoa. Katibu alikohoa. Wajumbe wote tulikohoa, lakini karatasi zilikuwa zimekwisha kumwagwa mezani, na vijana wakawa wanahesabu kwa pamoja kwa sauti, uwanja mzima. Binti yangu alipata karibu zote. Pasi alipata moja, na akaikana palepale mbele ya baba yake.

"Hiyo siyo yangu," alisema kwa heshima. "Mimi nimempigia dada huyu. Amenipa sababu."

Watu wakaanza kutazamana, kura hiyo ni ya nani. Katibu akainama kukagua kamba za viatu vyake, ingawa alivaa ndala.

Mkubwa aliniinamia sikioni. "Nani huyo aliyeshinda?"

"Ni binti yangu," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba likizo ya ugonjwa.

Uso wa Mkubwa ukachanua. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, heshima ambayo hajawahi kunipa katika utumishi wangu wote. "Kumbe wewe ni mtu hatari," alininong'oneza. "Hadharani, mchana kweupe, na kamera zinaona. Na kiti kimebaki nyumbani! Lazima uje unifundishe."

Nilijaribu kumweleza, lakini alikuwa ameshika kipaza sauti. Alisema mwenzake, yaani mimi, amewafundisha kwamba mwenye kiti ndiye mwenyekiti. Basi yeye anatamka, na akitamka ametamka: kuanzia sasa kiti ni cha binti huyu, na uenyekiti ni wake, pamoja na vyote vinavyoambatana nacho. Redio ilikuwa inarusha moja kwa moja. Alinikonyeza.

Kwanini hakukikalia kiti. Alikishika mgongo akaanza kukisukuma, kikavuka uwanja, kikaingia barabarani, funguo zikigongana kwenye mkono wa kiti, na vijana nyuma, na kamera nyuma ya vijana, na Mkubwa mbele ya kamera kwa mazoea. Mlangoni pa ukumbi alifungua kamba, akachagua ufunguo, akafungua. Aliupata mara ya kwanza. Kisha akakiweka kiti pale kinapokaa siku zote, kwenye kichwa cha meza, akakaa. Kikashuka taratibu kikatoa pumzi.

"Kikao kimefunguliwa," alisema.

Wajumbe wangu wakisikia neno kikao miguu hulegea yenyewe. Wote walikaa. Nilibaki nimesimama mimi tu, kwa kuwa nafasi yangu ilikuwa na mtu.

"Hoja ni moja," alisema Mwenyekiti, nami nikageuka kabla sijakumbuka. "Ukumbi urudi kwa vijana, leo. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mjumbe mwenye wajukuu aliwaona wajukuu wake dirishani, akanyoosha. Wengine wakamtazama Mkubwa. Mkubwa alitazama kamera, kamera zikamtazama yeye, akatabasamu akanyoosha mkono wake juu kuliko wote. Hapo mikono iliyobaki ikapanda. Mimi, kwa kuzingatia utaratibu, nilinyoosha mkono kuomba nafasi ya kutoa taarifa.

Kwanini alinitazama. Alikuwa na macho ya bibi yake.

"Hata mwenyekiti aliyepita anakubali," alisema. "Ahsante, baba. Hoja imepita bila kupingwa."

Nilifungua kinywa nimsahihishe. Lakini mlangoni alikuwa ameingia yule mtoto wa nyumba ya kona, na ndoo yake mkononi. Nadhani aliibeba kwa kuhofia viti havitatosha. Aliona meza tupu pembeni, akaifuta kwa kiganja, akaweka daftari lake. Mkono wangu ulibaki juu mpaka Katibu akaja kuushusha.

Kamati sasa inafanya vikao uani, kwenye meza ya mpira wa meza, na kwa kuwa imepinda, kila hoja inayowekwa juu yake inateremkia upande mmoja. Mkubwa alisifiwa redioni kwa siku kadhaa kwa kuwakabidhi vijana madaraka, hivyo alishindwa kukana. Kisha vijana wa mitaa mingine walianza kwenda ofisini kwake, na adabu zao zote, kuuliza kiti chake kinagombewa lini. Amepiga marufuku viti vyenye magurudumu. Tangu hapo hajaniomba tena nimfundishe.

Kabla hatujazoea hali hiyo, Mwenyekiti akatoa tangazo lingine. Watu wazima wote wa mtaa wanaalikwa ukumbini kupiga kura kuamua kama Kamati ya Kuamsha Hamu iendelee kuwepo au ivunjwe. Nilimwambia nyumbani kwamba hilo ni jambo la hatari, kwamba kazi ya baba yake nzima iko hapo.

"Ndiyo maana uje upige kura, baba," alijibu. "Yako itahesabiwa kama ya mtu mwingine yeyote."

Taarifa hii basi naiandika nikiwa nimesimama kwenye foleni. Ni foleni ndefu. Nilijaribu kupita pembeni kwa kutaja wadhifa wangu, lakini mlangoni yupo Pasi, na shati lake limenyooka, akaniambia, "Shikamoo, mzee. Mwisho wa foleni ni kule." Mkubwa naye alifika kulalamika, akaambiwa kulalamika kuna foleni hii hii. Yuko nyuma yangu. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu, namtangulia, naye hajaacha kuniuliza kama najua mtu humo ndani.

Kwa mamlaka yaliyobaki, natangaza kwamba hamu sasa imenipata hata mimi. Nawahesabu walio mbele yangu mmoja mmoja, najaribu kukumbuka ni yupi niliwahi kumjibu vizuri alipokuja na shida, na sijampata bado.

Mke wangu ametoka kupiga yake sasa hivi, na kidole chake kina wino. Nilimwuliza amepigia upande gani. Alisema kura ni siri. Kisha akaitazama foleni, akatazama juu.

"Leo ni jua," alisema. Akanishikisha mwavuli wake, akaenda zake.