Bubu wa Bigo

Leo nimeponywa ububu ambao sikuwahi kuwa nao. Haya, chekeni sasa hivi mmalize, kisha mniache niseme. Tangu asubuhi sijapata wa kumsimulia, kifua kimejaa!

Mnajua tunavyoishi kule mtaa wa Shari. Chumba kimoja, mimi, mke wangu Masika na mwanetu Baraka, na wa pili yuko njiani. Mvua ikinyesha sisi tunabanana ukutani, katikati tunaziachia sufuria zikinge matone. Mwenye nyumba ametuambia mwezi ukiisha tutoke, mwanawe anaoa. Kwetu Tanga siwezi kununua hata banda la kuku. Hapa Bunia, ugenini, fundi wa malori kama mimi anaweza kupata nyumba ya matofali yenye mabati juu. Anaweza kabisa! Ilimradi asifungue mdomo.

Kwa sababu mimi nikifungua mdomo tu, bei inapaa. Nyumba tatu zimenipita hivyo hivyo. Masika anazungumza na mwenye nyumba vizuri, bei ya wenyeji, wanakaribia kupeana mikono. Mimi natokea nyuma, adabu za kwetu zinanituma: "Shikamoo mzee." Basi! Mzee ananitazama juu mpaka chini, anakumbuka ghafla kwamba nyumba yake ina mlango wa nyuma pia, na bei inaruka mara mbili. Huku kila anayetoka upande wetu wanadhani amefuata dhahabu ya machimbo ya Kilo na ameishonea kwenye mkanda. Mkanda wangu mnaujua. Ni wa feni ya lori.

Sasa leo asubuhi Masika amenivalisha abakosti ya Okello (Okello, kaa kwanza, habari ya koti lako inakuja), akambeba Baraka mgongoni, akasema:

"Leo weye iko bubu."

"Nini?"

"Bubu. Tangu kuzaliwa. Miye nitaongea. Weye unatingisha kichwa tu."

"Na masikio je?"

"Masikio yako iko muzima. Shida yako iko mudomo."

(Hilo la mwisho amelisema kwa raha kidogo. Nimemwona.)

Nimekataa. Nimesema mimi mtu mzima, fundi, baba wa watoto, siwezi kwenda kuigiza mbele za watu. Akaniuliza kama nataka mtoto wa pili azaliwe katikati ya sufuria. Nikafunga mdomo. Nimeufunga kuanzia pale pale nyumbani, kwa mazoezi, na nyie mnaonijua mnajua nilivyoteseka.

Tukafika mtaa wa Bigo. Nyumba ni ya Baba Paluku, mzee wa kanisa, anayerudi kwao Butembo na mama yake mzazi, bibi kizee ambaye wote wanamwita Koko. Nyumba nzuri, jamani. Vyumba vitatu, uani mparachichi, mabati yana kutu lakini ni mabati. Baba Paluku akatoka nje kutupokea, na shikamoo ikanipanda mpaka kwenye meno. Nikaimeza kama kidonge cha malaria.

"Bwana yangu haweze kusema, Baba," Masika akamwambia. "Njo vile alizaliwa."

Mzee akanionea huruma. Tatizo ni kwamba mtu akiambiwa wewe ni bubu, anakufanya kiziwi pia, na mjinga juu yake. Akanisogelea sikioni akapiga kelele: "KARIBUUU! HII IKO NYUMBAAA!" Nikatingisha kichwa. Ndiyo mzee, naiona.

Tukaingia ndani. Sebuleni natazama juu: boriti imeliwa na mchwa nusu nzima! Nikamwonyesha Masika kwa kidole, nikafanya na meno ya mchwa kwa vidole.

"Anasema nini?" akauliza Baba Paluku.

"Anasema nyumba inamupendeza sana."

Mlango wa chumbani hauna bawaba ya chini. Nikausukuma kwa mguu, ukaning'inia, nikaonyesha.

"Na sasa?"

"Anasema mulango iko nguvu."

Nilitaka kufa. Mwanamke ananitafsiri kinyume, uso mkavu, na mimi siwezi kukata rufaa!

Lakini mpango ulishika, siwezi kudanganya. Baba Paluku alinitazama pale nilivyosimama kwenye koti la watu, akamtazama Baraka, akashusha pumzi. "Mama Baraka, miye niko na beyi yangu. Lakini mutu kama huyu, na mutoto mudogo vile... Nitakupunguzia." Akapunguza, bila kuombwa! Ikashuka hata chini ya bei ya wenyeji. Tukapeana mikono. Masika akanikanyaga mguu kwa furaha. Ilibaki kuaga tu, na mpaka saa hizi ningekuwa mwenye nyumba na heshima zangu.

Ndipo Koko akatoka jikoni.

"Munaenda wapi? Hatuwezi kumuacha huyu mutoto ya watu vile."

"Aka, Koko, siye tulisha kumuzoea," akasema Masika haraka.

"Mungu yeye hajamuzoea. Tuombe."

Nyumba ya jirani, akina mama wa kanisa walikuwa kwenye maombi yao. Koko aliita mara moja tu juu ya ua. Wakaja wote! Wakanikalisha kwenye kigoda pale uani, wakanivua viatu, eti pahali ni patakatifu. Mikono ikanijaa kichwani, mabegani, mgongoni. Mama mmoja mnene akanishika taya kama anayepima meno ya ng'ombe sokoni. Koko akaleta mafuta ya mawese kwenye kikombe. "Toa ulimi." Nikatoa ulimi. Nyie, mawese mabichi ulimini, asubuhi asubuhi, hata chai sijanywa! Yaliyobaki yakatiririka shingoni yakaingia kwenye abakosti. (Okello, ndiyo hivyo. Nitalifua.)

"Tufunge macho," akasema Baba Paluku.

Wakafunga wote. Masika alifunga kuliko wote, sura imekunjamana. Ile ilikuwa aibu, wala si maombi. Alikuwa amemshusha Baraka kwenye mkeka pale uani, mtoto anachezea kiatu changu. Mimi nilifumba jicho moja. Dhambi ilikuwa inaniwasha, nadhani. Kwa jicho la pili nikautazama mkeka, na mkeka ulikuwa mtupu.

Nyuma ya mparachichi Baba Paluku alikuwa amechimba shimo la choo kipya. Refu kupita mtu, na juu yake ubao mmoja umelazwa, basi. Na Baraka wangu, kiatu mkononi, anatambaa kulifuata kama ameitwa.

Nikajaribu kusimama, mikono ikanikalisha. Nikaguna: "Mmm! Mmmm!"

"Sauti imefika mu shingo!" akapiga kelele mama mnene. "Musiache! Endeleeni!"

"MMMMM!"

"Inakuja! Ee Bwana, inakuja!"

Wakanikandamiza zaidi. Hapa msicheke, tafadhali. Mtoto alikuwa amefika kwenye ubao, ameweka mkono. Nyumba, bei, mwezi unaoisha, vyote niliviona upuuzi mtupu. Nikafungua mdomo.

"MTOTO! MASIKA, MTOTO ANAINGIA SHIMONI!"

Mnadhani kuna aliyetazama shimo? Hakuna! Vigelegele! "Amesema! Amesema!" Wakanirukia, wakanikumbatia. Mimi napigana nitoke, wao wanasema Roho amenishukia. Koko analia machozi huku amenishika kiuno, na yule bibi ana nguvu, msimwone vile! Nikamburuta hatua kadhaa. Nikamwangusha mama mnene (nitamwomba radhi). Nikajitupa kifudifudi, nikamdaka Baraka mguu. Kiatu ndicho kilichoingia. Mwenyewe hata hakulia. Alichungulia kiatu kule chini, akacheka.

Pale ningenyamaza. Mwenye akili angelia kidogo, aseme aleluya, aende zake na nyumba yake. Lakini maneno ya tangu asubuhi yalikuwa yamepanga foleni mdomoni. Nikamgeukia Baba Paluku.

"Shikamoo mzee! Hivi kweli shimo kama hili unaliacha wazi, na nyumba unaiuza, watu wanakuja na watoto? Ubao mmoja! Na boriti ya sebuleni imekwisha kwa mchwa, nimeionyesha, na mlango hauna bawaba, nimeuonyesha, na mimi si kiziwi, usinipigie kelele sikioni!"

Vigelegele vikapungua, kimoja kimoja, mpaka vikaisha. Wakabaki wananitazama. Mama mnene akawa anajifuta vumbi, anafikiri.

"Mungu amemufungua mudomo," akasema polepole, "na Kiswahili ya Tanganyika?"

"Na shikamoo ndani," akaongeza mwenzake.

Baba Paluku hakunitazama tena mimi. Alimtazama mke wangu. "Mama Baraka. Bwana yako iko mutu ya wapi?"

Masika alikuwa amejificha ndani ya kitenge chake, kichwa na vyote. Sauti ikatoka ndogo. "Tanga."

"Na ububu?"

"Ya leo tu, Baba."

Mzee akakaa kwenye kigoda changu. "Nilipunguza beyi juu ya bubu," akasema. "Sasa bubu iko wapi?"

Asubuhi nzima naigiza ububu, pale ndipo ulinishika wa kweli. Masika akaanza kulia, na mke wangu halii ovyo. Basi nikamweleza mzee yote: chumba, sufuria, mwenye nyumba na harusi ya mwanawe, nyumba tatu zilizotupita. Nikamwambia uongo ni wetu, tunaomba radhi, tunaondoka. Nikaanza kutafuta kiatu changu cha pili, nikakumbuka kiliko.

"Paluku," akasema Koko.

Akamsogelea mwanawe.

"Siye watu ya maombi tulifunga macho. Huyu mwongo njo alifungua. Mutoto angelianguka mu shimo yetu, saa hii tungelikuwa tunalia matanga hapa. Beyi inabaki ile ile."

Nilitaka kumbeba yule bibi! Akaninyooshea kidole.

"Ngoja. Miye nilimuomba Mungu mudomo yako ifunguke. Imefunguka. Basi itafanya kazi. Siku ya Mungu utasimama mbele ya kanisa muzima, utasema weye mwenyewe namna ulikuwa bubu na namna ulipona. Ukweli yote. Kisha Paluku anakupa ufunguo."

Masika alikuwa ameshaitikia kabla sijavuta pumzi. "Atasema, Koko. Atasema sana."

"Na shimo je?" nikauliza. (Mdomo huu, mdomo huu!)

"Shimo iko ya kwako," akasema Baba Paluku. "Utafunika weye."

Tukarudi, mimi na kiatu kimoja. Na msidhani yaliishia pale. Mama wawili walikuwa wametoka mbio kabla sijafika kwenye shikamoo, kwa hiyo Bigo nzima imepata habari, lakini nusu ya kwanza tu. Njiani muuza sabuni amenisimamisha, anataka nimwambie neno lolote, asikie. Mzee mmoja ameniomba nimshike goti linalomuuma. Nimelishika! Ningefanyaje? Anasema limepoa kidogo. Na tulipofika Shari, mwenye nyumba wetu, ambaye kila mwisho wa mwezi tunagombana naye mpaka majirani wanakuja kuamua, alikuwa amesimama mlangoni ananishangaa. "Kumbe ulikuwa bubu?" ananiuliza. "Na miye sikujua!"

Sasa Masika ananifundisha ushuhuda. Anasema Jumapili niseme kwa kifupi. Mimi! Kwa kifupi!

Basi, ndugu zangu, makanisa ya Bunia ni mengi. Jumapili hii, nawaomba kwa heshima zote, kasalini kwingine kokote. Na wewe Okello unayecheka huku umekumbatia koti lako: kumbuka sasa nina shimo langu mwenyewe, na bado sijalifunika.