Rudisheni Kelele za Kivuko Chetu

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Vivuko,

Pole na kazi. Mimi ni Gunnvor Skarbø, mkazi wa Neset, abiria wenu tangu enzi za dizeli. Naandika kwa heshima zote, ila nimekasirika. Tangu mkitie betri mwezi wa tatu, kivuko chetu kimekuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani injini ilinguruma toka ng'ambo, nami nikapata muda wa kumaliza kahawa, kuvaa viatu na kufunga mlango. Sasa kivuko kinaninyemelea kama paka. Mwezi huu kimeniacha mara mbili, mara ya pili nikiwa gatini na soksi tu.

2. Mpishi wenu akigeuza svele, zile chapati nene za sukari, tunasikia hadi mwiko unavyokwangua kikaango. Nani atavumilia? Juzi nimekula tatu. Daktari wangu atawaandikia kivyake.

3. Hili ndilo kubwa. Mimi na kaka yangu Eilert hatusemezani, mwaka wa kumi na moja huu, kwa ajili ya banda la mashua la marehemu baba. Kila Alhamisi tunavuka kwenda dukani, meza moja, ile ya juu ya injini, maana pale hata wapendanao hawakusikilizana. Watu wakatuona ndugu wema. Sasa kimya kimetuumbua. Alhamisi iliyopita akasema, kivuko kizima kinasikia: "Dada, hebu nipe jibini hiyo." Nikampa! Ningefanyaje?

Kwa hiyo naomba mrudishe dizeli, au mfunge spika ya kunguruma juu ya meza yetu. Mkishindwa, basi safari ya dakika ishirini iwe kumi.

Nisalimieni nahodha, mpishi, na yule bwana anayechomeka waya wa kuchaji gatini.

Wenu mwenye uchungu,
Gunnvor Skarbø

N.B. Nimeimalizia barua hii kivukoni, na Eilert ameisoma yote akichungulia begani kwangu. Akaweka kikombe chini. "Banda nilikudhulumu, Gunnvor. Nisamehe. Siku nyingi nataka kukwambia, lakini msamaha mtu anauombaje kwa kupiga makelele?" Nimelia mbele za watu, na sijali. Basi futeni yote ya hapo juu. Ila Alhamisi ijayo nahodha aende polepole, tafadhali. Tumeshafika gatini, na kaka yangu ndiyo kwanza anaanza kusema.