Nyota Iliyopotea Nikimwamkia Mkwe

Jamani, leo nimeaibika, na ushahidi upo kwenye kaseti.

Mimi nafundisha sayansi hapa Ngomeni. Juzi alikuja mtaalamu wa nyota kutoka Ulaya na darubini mbili. Akatueleza kwamba Pluto, ile sayari ndogo ya mbali kabisa, jana usiku ingepita mbele ya nyota moja na kuiziba kwa muda usiofika dakika moja na nusu. Nyota ikizimika ghafla, Pluto haina hewa. Ikififia polepole, inayo. Yeye angetazama akiwa Jilore, mimi hapa kwenye uwanja wa shule, ili mawingu yakiharibu kwake, kwangu kupone. Akamwahidi mwalimu mkuu: nikimpa rekodi safi, darubini moja ataiachia shule.

Darubini! Miaka yote hii mwezi nauchora ubaoni kwa chaki (na mwezi wangu unafanana na chapati iliyoliwa). Usiku ule sikulala kwa furaha.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Redio ya kuhesabu wakati inalia kila sekunde, kaseti inarekodi, jicho langu liko kwenye darubini. Nyota ikipotea niseme "Imepotea." Ikirudi, "Imerudi." Basi. Hata kasuku angeiweza.

Ikafika jana, saa tatu na ushei. Nimeinama, nyota naiona wazi kabisa. Mara nyuma yangu:

"Hodi, mwanangu!"

Ni Bi Rukia, mama yake mke wangu, kaniletea bakuli la mahamri. Sasa niambieni nyinyi. Nimeinama, mkwe nimempa mgongo (na yaliyo chini ya mgongo). Mtu aliyelelewa afanyeje? Nikasimama, nikamwamkia. Nilidhani ni sekunde tano tu. Alipokwenda zake nikarudi kutazama. Nyota ipo, inang'aa. Nikangoja nusu saa nzima, haikwenda popote. Nikaandika kwa kalamu ya wino: "Haikupotea."

Leo asubuhi mtaalamu kafika. Ya kwake kule Jilore ilipotea vizuri tu.

"Ajabu," akasema. "Hebu tusikilize kaseti."

Walimu wote wakajaa ofisini. Bi Rukia naye akasimama mlangoni, kafuata bakuli lake.

Redio ikalia, ti, ti, ti. Kisha sauti yangu, tamu kama ya bwana harusi: "Shikamoo, mama."

"Hapo unasema nini?" akauliza mtaalamu, maana Kiswahili hajui.

"Namwamkia mkwe wangu."

"Na hapo?"

"Anauliza hali ya mama yangu."

"Bado tu?"

"Sasa anauliza goti la mama yangu."

"Na hapa?"

"Anauliza, yule mbuzi keshazaa?"

Walimu wakaziba midomo kwa madaftari. Mtaalamu akalinganisha milio ya redio na karatasi yake ya Jilore. Akaniambia taratibu, bila hasira (afadhali angenitukana), kwamba nyota ilipotea kwenye goti la mama na ikarudi mbuzi alipozaa pacha. Kila sekunde aliyoitaka ilikuwa imo, na zote nilikuwa najibu "alhamdulillahi."

Hakuna aliyenigombeza. Darubini ikarudishwa kwenye sanduku lake, ikapakiwa garini. Iliniuma, sitawaficha. Wanafunzi wangu walikuwa wamepanga foleni dirishani tangu asubuhi, wakingoja zamu ya kuchungulia.

Bi Rukia alichukua bakuli lake, akanitazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu. Lakini na hiyo nyota nayo! Haiwezi kungoja watu wakajuliana hali?"

Tafadhali msinicheke. Na mwenye kutaka kuja kunipa pole aje, ila aje mchana.