Kidole Gumba cha Maiti

Jumapili, tarehe 9
Leo tamthilia ya Inspekta Miwani imefunga msimu. Sebule imejaa majirani. Kawaalika mjomba wangu, seremala aliyenilea na ambaye pia ni bosi wangu karakanani. Kavaa shati la pasi kama bwana harusi. Sijui kwa nini.

Muuaji ni daktari! Nilijua tangu sehemu ya tatu. Nilisema ni mpishi, lakini moyoni nilimaanisha daktari.

Kubwa zaidi: yule mlinzi aliyeuawa. Kafunikwa shuka, miguu tu nje. Inspekta anamlilia, mara kidole gumba cha maiti kinacheza! Nimeruka, nikawaonyesha wote. Watu wamecheka hadi kiti kimoja kikavunjika mguu. Mjomba kaenda kulala bila kula. Labda ni uchungu wa kiti.

Jumatatu, tarehe 10
Kituo cha televisheni kinakusanya maoni ya watazamaji. Msimu uliopita yalisomwa ya binti wa mjomba, na tangu hapo hatupumui. Hata chumvi anaiomba kama anasoma taarifa ya habari. Tunamwita Redio. Safari hii zamu yangu!

Simu yangu imekufa. Nimechukua ya mjomba alipokuwa akipiga randa. Nimejiita Jicho la Mwewe. Nimeandika kwamba maiti yao ni goigoi, kidole kinacheza ngoma, wamzike upya. Nimetuma, nikafuta. Ujanja huo!

Jumatano, tarehe 12
Yamesomwa! Ya kwanza kabisa! Kisha watazamaji wamegombana kipindi kizima. Huyu anasema ni upepo, yule anasema macho yetu mabovu, mama mmoja kaapa mlinzi yu hai na Inspekta ndiye zuzu. Daktari hakutajwa hata na mmoja. Redio kanuna. Nilikuwa nafungua mdomo nijitaje, mjomba akazima televisheni.

"Kile kidole ni changu," kasema.

Kumbe! Miezi iliyopita alipoondoka siku mbili kupeleka kabati kwa mteja, kabati lilikuwa la tamthilia. Mwigizaji wa maiti hakutokea, akalazwa yeye chini ya shuka badala yake. Alitaka kutushtukiza. Nzi kamtua kidoleni, kavumilia mpaka akashindwa. Anasema akimjua huyo Jicho la Mwewe, mtu huyo hatakanyaga tena karakana yake wala kugusa sahani yake. Karakana hiyo ndiyo kazi yangu. Sahani hiyo ndiyo tumbo langu.

Alhamisi, tarehe 13
Nimepiga msasa milango minne bila kuambiwa. Mjomba anafanya kazi na soksi, joto lote hili. Redio anauliza adabu hii nimeiokota wapi.

Jumamosi, tarehe 15
Simu ya mjomba imelia. Mikono yake imejaa gundi, nikapokea mimi, nikaweka spika. Mtoto mwema! Mama wa kituoni akauliza: je, anazungumza na Jicho la Mwewe?

Mjomba kanitazama. Nimetazama dari. Nyundo ilikuwa karibu naye kuliko mimi na mlango.

Mama akaendelea. Ubishi wa kidole umewazidi nguvu, kwa hiyo waandishi wameamua mlinzi hakufa, msimu ujao anaamka. Tatizo, hakuna aliyeandika jina la yule maiti wa dharura. Je, Jicho la Mwewe na macho yake makali anaweza kuwasaidia kumtafuta?

Mjomba kavua soksi, taratibu.

"Mama, mwenye kidole ndiye huyu unayezungumza naye."

Simu ilipokatika nilishafika mlangoni. Kaniita: "Rudi hapa, mjomba. Umeniua, umenifufua." Kanikumbatia, gundi yote mgongoni kwangu. Nimekula sahani mbili, na ya Redio nusu.

Jumapili, tarehe 16
Mjomba kapewa neno moja la kusema akiamka: "Maji." Kalifanyia mazoezi tangu asubuhi. Majirani wamepiga makofi, nami nimepiga. Lakini ukweli ni ukweli, anasema "maji" kama anaagiza misumari. Mtazamaji makini hawezi kunyamaza. Nimewaandikia watu wa kituo mapema, kabla hata hawajapiga picha. Safari hii hanijui mtu: nimejiita Jicho la Tai.

Simu yangu bado haijatengenezwa. Nimetumia ya mjomba.