Mkuu wa Akiba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkurugenzi amechoka. Mwezi uliopita seva ya printa, kompyuta inayopokea kazi zote za kuchapa, ilizimika na ofisi nzima ikakaa siku mbili bila kuchapa hata barua ya likizo. Sasa mama huyo anataka seva ya pili, ya akiba. Ya kwanza ikifa, ya pili ishike kazi papo hapo. Ijumaa bodi inakuja kushuhudia. Atakayefanikisha ndiye mkuu wa kitengo.

Tumepewa kazi wawili: mimi na Kalamu Nyekundu, mwenzangu anayesahihisha hata kadi za harusi. Ushindani gani huo? Mwaka jana nani alibuni kila kazi itoke na karatasi ya mbele yenye jina la aliyeituma, ili kuwaumbua wanaochapa mambo yao? Mimi!

Jioni nimempigia mama mkwe kumwarifu kuwa nimeshateuliwa. Amepiga vigelegele. Jumapili anakuja kunipongeza. Mke wangu ameniuliza kama nina akili timamu. Wivu tu.

Jumanne, tarehe 4

Nimemaliza kabla ya saa nne! Nimetoa kompyuta kuukuu stoo, nikaipangusa vumbi, nikaitia programu, nikaichomeka kwenye waya uleule wa umeme wa seva ya kwanza. Taa ya kijani inawaka. Kalamu Nyekundu anasema lazima tuijaribu. Nimemjibu kuwa majaribio ni ya watu wenye mashaka.

Mchana, wazo la dhahabu. Barua kwa Mkurugenzi, bila jina: kwamba Kalamu Nyekundu husinzia kazini, na kwamba Mkurugenzi mwenyewe hudanganyika upesi, kwa hiyo afumbue macho. Nimeituma printa ya chumba cha mikutano, ambako siku za kawaida hapiti mtu. Haikutoka. Nikabonyeza tena. Na tena. Mara kumi na moja! Kimya. Imepotelea huko huko.

Jumatano, tarehe 5

Fitina! Kalamu Nyekundu amechomoa waya mbele ya Mkurugenzi. Seva zote mbili zimezimika kwa pamoja. Mkurugenzi ameniuliza ni akiba gani hiyo inayokufa pamoja na mwenzake. Nimelaumu umeme.

Kalamu Nyekundu ameihamishia seva ya pili kwenye njia nyingine ya umeme. Kisha foleni ya kazi zinazosubiri kuchapwa ameiweka mahali pa pamoja, ili seva ya pili iendelee pale ya kwanza ilipoishia. Amejaribu mara tano kwa printa ya ghorofa ya pili tu; ya chumba cha mikutano ataiunganisha kesho. Imeshika kazi mara zote tano. Sijafurahi hata kidogo.

Alhamisi, tarehe 6

Amekuja na daftari lake. Anasema kwenye printa ya chumba cha mikutano kuna kazi kumi na moja zimeganda kwenye seva ya kwanza tangu Jumanne. Je, azifute?

Mimi si mtoto. Bodi ina wajumbe kumi na mmoja, hesabu inajieleza. Anataka kufuta nyaraka za bodi kisha anisingizie! Nimemwambia asiguse hata moja. Ameniuliza mara mbili kama nina uhakika. Akakohoa. Akaandika "zisifutwe" kwa wino mwekundu, akaniomba sahihi. Nimeitia kwa mbwembwe.

Ijumaa, tarehe 7

Nilivaa suti ya harusi. Nilisisitiza mimi ndiye nichomoe waya, sifa zisije zikapotea njia. Nikachomoa. Nikakimbilia chumba cha mikutano. Printa ikaamka! Bodi ikapiga makofi. Nikainama.

Ikatoka karatasi ya mbele yenye jina langu. Kisha barua. Kisha jina langu tena, na barua tena. Mara kumi na moja. Kila mjumbe alipata nakala yake, hakuna aliyegombania. Mkurugenzi aliazima moja, akaisoma kwa sauti mpaka pale panaposema hudanganyika upesi, akaikunja. Kalamu Nyekundu akatoa daftari lenye sahihi yangu. Kisha akasahihisha makosa mawili ya tahajia kwenye barua.

Yeye ndiye mkuu wa kitengo. Mimi ni msaidizi wake, upande wa karatasi. Kusema kweli nimeumia. Miaka tisa nimekingoja cheo kile. Mke wangu anasema nimejipalia makaa mwenyewe.

Jumapili, tarehe 9

Mama mkwe amefika na kibao cha mlangoni, amekichongesha kwa fundi: "Mkuu wa Kitengo". Ukoo mzima umeshapata habari. Mke wangu aliketi, akakunja mikono, akasubiri nijieleze.

Nimemweleza mama kuwa siku hizi wakuu ni wawili, wa kwanza na wa akiba. Wa kwanza akianguka, wa akiba anashika papo hapo. Mimi ndiye wa akiba. Ameelewa vizuri sana, akanibariki.

Kilichobaki ni wa kwanza aanguke. Nimeshaandika barua nyingine kwa Mkurugenzi, safari hii bila makosa ya tahajia. Nimeituma kwa printa ya ofisini kutoka hapahapa nyumbani. Kompyuta haijaniambia kama imetoka. Nimebonyeza tena, mara saba hivi, kwa uhakika.