Panchi ya Kwenda Ukweni

Jumatatu, 15 Desemba

Jua kali. Akili yangu inafanya kazi vizuri mno leo. Jumamosi Mzee Yiamat wa Elerai anakusanya ukoo wake wote, hadi wa Dar na wa Monduli, kula mbuzi na kumshukuru Mungu kwa mwaka. Naisiae, binti yake, amenialika. Anasema baba anataka kuniona kwanza kabla hajakubali kupokea mshenga wangu. Yaani nikifaulu Jumamosi, naoa. Nikiharibu, basi tena.

Tatizo ni Nathanael. Yuko kwa kina Naisiae asubuhi na jioni. Ana pikapu. Ameshajitolea kubeba kreti za soda. Naisiae anasema ni mtoto wa shangazi yake. Sawa! Na mimi ni mtoto wa askofu.

Nikamwambia Naisiae papo hapo: mimi Godbless nitaleta panchi. Mvinyo mweupe, matunda, soda ya limau, barafu. Niliiona ikitengenezwa hotelini nilikofanya kazi. Sikusema nilikuwa nafua mapazia. Hakuuliza.

Jumanne, 16 Desemba

Sokoni Kwa Mrombo. Nanasi, machungwa, embe, karakara. Ndeshi anayeuza matunda akaniuliza mgonjwa wangu kalazwa wapi. Nikaongeza ndizi na parachichi ili asinione bahili.

Majaribio nyumbani. Ndizi zikawa nyeusi. Parachichi likaelea juu kama mafuta ya supu. Mama Magreth, mke wa mwenye nyumba wangu, akaonja, akatema kwenye maua, akauliza kama ni dawa ya kuku. Kisha akaniamuru: toa ndizi, toa parachichi, menya machungwa maana ganda linatia uchungu, laza matunda kwenye mvinyo, soda na barafu viingie mwisho kabisa.

Nikajaribu tena. Mungu wangu! Tamu, baridi, inashuka yenyewe. Nina kipaji.

Alhamisi, 18 Desemba

Nathanael kaja kwangu Daraja Mbili. Kaegesha pikapu mlangoni ili majirani waione. Ananiita shemeji. Dharau za waziwazi! Eti kaja kunisaidia. Anasema wazee wao hawanywi kitu ambacho aliyekileta hajakionja mbele yao, kila jagi, kwa hiyo nisiifanye kali.

Nimemsoma. Anataka panchi yangu iwe juisi ya watoto. Mimi najua jambo moja: mzee aliyechangamka hasemi hapana. Kwa hiyo matunda sijayalaza kwenye mvinyo. Nimeyalaza kwenye pombe kali, chupa mbili nzima. Mvinyo utamiminwa juu yake. Nathanael atajua hajui.

Jumamosi, 20 Desemba, asubuhi

Shati jeupe. Ndoo mbili zimefunikwa vizuri. Nathanael kaja kunichukua na pikapu. Nimekubali, ila sikumshukuru sana. Leo naingia Elerai mgeni, natoka mkwe.

Jumapili, 21 Desemba

Sikwenda kanisani. Kichwa. Naandika polepole.

Mchungaji aliomba, mbuzi akaja, panchi ikamiminwa kwenye majagi. Ilipendeza! Nikampelekea Mzee Yiamat glasi. Hakupokea. Akaniangalia. Ukoo mzima ukaniangalia. Nathanael akajigusa mdomo kwa kidole. Nikaonja. Mzee akapokea. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe kila meza ina wazee wake, na kila meza ina jagi lake. Nikaonja kwa baba wadogo. Nikaonja kwa wajomba wa Monduli. Nikaonja kwa mashangazi. Bibi Namnyaki, bibi yake Naisiae, akasema sumu hukaa chini, nile na matunda. Nikamwamkia shikamoo, nikala. Akasema niongeze. Nanasi lile! Lilikuwa limelewa tangu Alhamisi.

Kuanzia hapo nakumbuka vipandevipande. Nilisimama. Hakuna aliyeniita. Nilichukua kipaza sauti cha mchungaji. Nikajiposea mwenyewe, bila mshenga, mbele ya watu wote! Nikamwita Mzee Yiamat baba mkwe, kisha nikamwita mchungaji baba mkwe, kisha nikamwomba Nathanael aache kuninyemelea mchumba. Aliyeninyang'anya kipaza sauti ni mke wa Nathanael. Ana mke! Wana mapacha! Kwa nini hakuna anayeniambia mambo?

Wazee walionja, wakakohoa, wakarudi kwenye soda. Naisiae hakunitazama tena. Nilirudishwa nyuma ya pikapu pamoja na kreti tupu. Nathanael aliendelea kuniita shemeji. Nililia njia nzima. Nampenda yule binti, na nimemkosa kwa nanasi.

Jumatatu, 22 Desemba

Naisiae kapiga simu. Nilikaa chini kabisa, tayari kuachwa. Kumbe baba yake anacheka tangu juzi. Kasema mtu aliyemaliza sumu yake mwenyewe mbele ya ukoo hana ujanja wa kumdhuru mtu. Lakini posa haijisemei. Nitume mshenga Jumapili, mtu mzima, mwenye akili timamu, aongee kwa utaratibu. Akiharibu naye, hakuna mara nyingine. Naisiae kaniapisha nisijaribu kuonja kitu chochote tena. Nimeapa. Haleluya!

Mshenga nimeshapata: Mzee Sifaeli, mwenye nyumba wangu, mume wa Mama Magreth. Mzee wa kanisa. Hajagusa pombe tangu kipaimara. Anaongea taratibu, neno kwa neno, huwezi kumlaumu.

Ila nimewaza. Mshenga kwenda mikono mitupu ni aibu. Na kosa la Jumamosi nimeligundua: panchi haikuwa na shida, shida ni kwamba mwonjaji nilikuwa mimi. Jumapili atakayebeba ndoo ni Mzee Sifaeli. Basi ataonja yeye, kila meza, na matunda ya chini. Mimi nitabaki Daraja Mbili, bila tone la pombe mdomoni, na kiapo changu kitakuwa salama.

Nanasi nimeliloweka leo leo, ili likolee. Chupa tatu safari hii. Nimemwambia Mzee Sifaeli ni juisi. Amefurahi sana. Kumbe anapenda nanasi.